Fimbo mbili au tatu za karpi: kusoma dalili hadi kwenye chanzo

Ukivua karpi kwa fimbo zaidi ya moja, tatizo unaloliona kwenye fimbo ya kulia mara nyingi chanzo chake kiko kwenye fimbo ya kushoto. Mshipi wa moja umekatiza njia ya samaki anayeelekea chambo cha nyingine, au chubwi la fimbo ya tatu linarushwa kila nusu saa na kuwatawanya samaki waliokwisha kuanza kula. Kwa hiyo usibadilishe ndoana, chambo na uzi vyote kwa pamoja. Badilisha kitu kimoja kwenye fimbo moja, na nyingine iache ilivyo ili upate cha kulinganisha.

Kila unaporudisha fimbo, kagua vitu vitatu kabla ya kuirusha tena: ncha ya ndoana, mita mbili za mwisho za mshipi, na hali ya uzi wa ndoana (kipande kifupi kinachounganisha ndoana na mshipi). Karibu majibu yote yaliyomo humu yanaanzia kwenye ukaguzi huo.

Ili tuelewane, vipimo tunavyovichukulia kuwa vya kawaida ni hivi: fimbo ya mita 3.6 yenye nguvu ya ratili 2.75 hadi 3 (namba hiyo ni uzito unaohitajika kuikunja ncha hadi pembe ya nyuzi 90), mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, chubwi la gramu 85 hadi 110, uzi wa ndoana wa sentimita 15 hadi 20, ndoana namba 6, na chambo cha milimita 15 kilichofungwa kwenye unywele. Unywele ni kipande chembamba cha uzi kinachoning'inia kutoka kwenye ndoana na kubeba chambo, ili ndoana yenyewe ibaki wazi. Len Middleton na Kevin Maddocks walioubuni Uingereza walitaka karpi anyonye chambo bila kuhisi chuma, kwa sababu samaki huyu hula kwa kunyonya na kutema, akipima chakula mdomoni kabla ya kukipeleka kwenye meno yaliyo kooni.

King'ora kinalia mlio mmoja mmoja, lakini hakuna samaki

Kitazame kining'inio, yaani kidude chepesi kinachoning'inizwa kwenye mshipi karibu na king'ora (kifaa kinacholia mshipi ukisogea). Kikipanda polepole sentimita chache kisha kikashuka pale pale, samaki hajagusa chambo. Amepita na kuugusa mshipi kwa mwili au kwa pezi la mgongoni, ambalo mwiba wake wa mbele una meno kama ya msumeno. Karpi akikutana na mshipi uliokazwa mara mbili tatu huhama eneo zima, wala si fimbo ile tu. Hapo ndipo fimbo tatu zinapoweza kuvua samaki wachache kuliko mbili.

Chanzo cha kawaida ni mishipi iliyokazwa sana ikiwa na machubwi kwenye umbali tofauti. Mshipi wa fimbo iliyorushwa mita 80 unapita juu ya chambo kilicho mita 40, nao unaning'inia katikati ya maji, sio chini. Marekebisho yanakwenda kwa mpangilio huu. Kwanza shusha ncha za fimbo hadi karibu na maji. Pili legeza mshipi hadi ulale sakafuni, ukibakiza kining'inio chepesi. Tatu, mshipi usipozama, ongeza chubwi la nyuma la gramu 30 hivi linaloteleza juu ya mshipi na kukaa mita chache mbele ya ncha ya fimbo. Mshipi wa kusuka hautazama wenyewe hata ukiulegeza, kwa sababu ni mwepesi kuliko maji. Fluorokaboni huzama haraka, na nailoni iko kati ya hizo mbili.

Chubwi la nyuma lisitumike palipo na mwamba au ukingo mkali chini ya maji. Litauvuta mshipi ushuke juu ya ukingo huo, na samaki wa kwanza mkubwa ataukata.

Dalili moja inathibitisha yote haya: gamba la samaki lililochomwa kwenye ndoana. Ukilikuta, ndoana ilimshika samaki mwilini alipokuwa akipita. Usiitafute dawa kwenye chambo. Tazama njia za mishipi yako.

Milio mifupi inayokuja pamoja na kining'inio kutikisika bila kupanda ni jambo jingine. Huenda ni samaki wadogo wanaodonadona chambo. Weka chambo kigumu zaidi au kikubwa zaidi, milimita 20, kisha ngoja.

King'ora kinalia na kining'inio kinaanguka

Wengi huisubiri dalili hii igeuke kuwa mbio, nayo haigeuki. Kining'inio kikianguka chini, samaki ameshanasa na anaogelea kuja ufukweni akiliburuta chubwi, au chubwi limeteleza kutoka kwenye mteremko. Inua fimbo, zungusha rili upesi hadi uhisi uzito, ndipo uikunje fimbo. Usiivute kwa kishindo mshipi ukiwa bado umelegea.

Iwapo fimbo moja inatoa dalili hii mara kwa mara bila samaki, chubwi lake limekaa kwenye mteremko. Tumia chubwi bapa badala ya la mviringo, au sogea mita chache hadi kwenye sakafu iliyo sawa.

Ananasa, anapigana kidogo, kisha anachomoka

Hili ndilo lenye vyanzo vingi, na ndoana inayorudi ndiyo shahidi wa kwanza.

Ncha imejikunja kama kijiti kilichoungua: imegonga changarawe ulipokuwa ukirudisha chubwi, au ilitua juu ya jiwe. Jaribu ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikishika pale pale ni kali, ikiteleza, ibadilishe. Ndoana ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyobeba, na kuihurumia ni kujinyima samaki.

Ndoana imefunguka, upinde umepanuka: waya wake ni mwembamba mno kwa fimbo na breki unayotumia. Nenda kwenye waya mnene wa namba ile ile, au legeza breki.

Ndoana ni nzima na kali: sasa tazama jinsi ilivyofungwa. Kwenye fundo la unywele uzi huzungushwa kuteremka kwenye shina la ndoana mara saba au nane, kisha hurudishwa kupitia jicho. Ni lazima uingie kutoka upande wa mgongo wa ndoana na utokee upande wa ncha. Ukitokea upande wa mgongo, ndoana haigeuki ikivutwa, inateleza tu na kutoka mdomoni. Jaribu kwa mkono: laza ndoana na chambo chake juu ya kiganja, vuta uzi polepole kuelekea vidoleni. Ndoana iliyofungwa vizuri hugeuka yenyewe na ncha ikatafuta ngozi kabla haijafika kwenye vidole.

Kisha urefu wa unywele. Kati ya chambo na upinde wa ndoana pawe na nafasi ya milimita 5 hadi 10. Chambo kikigusa upinde, kinaziba ncha. Unywele ukiwa mrefu kupita kiasi, chambo kinaingia mdomoni na ndoana inabaki nje, nawe utapata milio miwili mitatu ya haraka kisha kimya. Ukibadilisha chambo cha milimita 15 kuwa cha milimita 20 bila kurefusha unywele, umeutengeneza mwenyewe ugonjwa wa kwanza kati ya hayo mawili.

Mahali ndoana iliposhika kwa samaki unaofanikiwa kuwatoa panaeleza mengi. Katikati ya mdomo wa chini, ndani kwa sentimita moja au mbili, ni pazuri. Pembeni au kwenye ngozi nyembamba ya ukingo, samaki alikuwa akitema chambo wakati ndoana inashika: fupisha uzi hadi sentimita 12 au ongeza uzito wa chubwi. Chubwi ndilo linaloichoma ndoana kabla hujagusa fimbo, kwa hiyo la gramu 50 kwenye matope laini halina nguvu ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Na breki. Iweke ianze kuachia kwenye takriban robo ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 6.8 hiyo ni kilo 1.7. Pima kwa mizani ya kuning'iniza ukiwa umeikunja fimbo, kwa sababu pete za fimbo huongeza msuguano. Samaki wengi hupotea karibu na wavu, pale mshipi ni mfupi na hauna tena mnyumbuko wa kupunguza mshtuko. Legeza breki kidogo samaki anapofika mita tano za mwisho, na usifanye hivyo mapema zaidi.

Mshipi unakatika

Usiutupe mwisho uliokatika kabla hujausoma. Ukiwa umejikunja kama springi, fundo limeteleza. Ukiwa umekatika safi pale fundo lilipoanzia, fundo liliungua: nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kupoteza nguvu. Lowanisha kila fundo kwa mate au maji na ulikaze taratibu. Ukiwa na manyoya na mikwaruzo kwa sentimita kadhaa, mshipi ulisuguliwa na mwamba au kome. Kata mita tano, wala usihesabu hasara. Mshipi ukikatika palepale mara mbili, acha kurusha hapo hata kama samaki wapo.

Kukatika wakati wa kurusha, kwa mlio mkali kama bunduki, chanzo chake mara nyingi ni mshipi kujizonga kwenye pete ya ncha au kwenye rili. Hutokea spuli ikiwa imejaa kupita kiasi, au ikiwa mshipi umesokotwa kwa kuzungusha rili huku breki ikiteleza. Ujazo mzuri ni milimita 2 au 3 chini ya ukingo wa spuli. Mshipi uliosokotwa unyooshe kwa kuuachia majini bila chubwi kutoka kwenye mashua inayokwenda polepole, kisha uurudishe ukiwa umekazwa.

Mshipi ukikatika, samaki asibaki akiburuta chubwi. Shika swiveli kwa mkono mmoja na chubwi kwa mwingine, vuta kwa nguvu ya wastani: chubwi litoke. Lisipotoka, kipira kinachofunga klipu inayoshika chubwi kimesukumwa ndani mno. Kirudishe hadi kikamate milimita chache tu. Fanya jaribio hili kwa kila fimbo kabla ya kurusha mara ya kwanza. Samaki aliyefungwa kwenye kisiki na chubwi lisiloachia hufa polepole, na hakuna sababu inayoweza kuhalalisha hilo.

Uzi wa ndoana unarudi umejizonga kwenye mshipi

Angani chubwi hutangulia na ndoana hufuata. Chubwi likigonga maji ghafla, ndoana hulipita na kujizonga. Gusa ukingo wa spuli kwa kidole sekunde ya mwisho kabla ya kutua ili mshipi upungue mwendo. Uzi wa ndoana utanyooka mbele ya chubwi. Kisha mrija wa kuzuia kujizonga, kama unautumia, uwe mrefu kuliko uzi wa ndoana. Uzi wa sentimita 20 na mrija wa sentimita 15 utazongana tu.

Uzi laini wa kusuka hujizonga kuliko ule uliovikwa plastiki. Ukiupenda ule laini, funika ndoana kwa mfuko mdogo wa PVA unaoyeyuka majini. Mikono ikiwa na maji utayeyuka kabla hujarusha, kwa hiyo kausha vidole kwanza.

Mishipi ya fimbo zako inashikana

Hapa ndipo fimbo nyingi zinapogharimu. Kwanza tofautisha wakati inaposhikana.

Ikiwa ni wakati wa kurusha, upepo wa pembeni unaupinda mshipi angani. Rusha kwanza fimbo ya upande unakotoka upepo, halafu inayofuata, na ya mwisho iwe ile ya upande ambao upepo unakwenda. Hivyo mshipi unaosukumwa hautui juu ya uliokwisha kulala. Baada ya kila mrusho zamisha ncha ya fimbo majini na uzungushe rili mizunguko michache ili mshipi uzame haraka.

Ikiwa ni saa kadhaa baadaye, bila samaki, mkondo au majani yanayoelea yanaisukuma. Rudi kwenye chubwi la nyuma, au ongeza uzito wa chubwi kuu.

Ikiwa ni wakati wa kupigana na samaki, mpangilio wa machubwi ndio wenye kosa. Fimbo ya kushoto ivue kushoto, ya kulia ivue kulia, na ya kati katikati. Linaonekana jambo dogo, lakini ni kawaida kukuta mtu amepata mahali pazuri upande wa kulia akarusha fimbo zote tatu huko, moja ikikatiza juu ya nyingine. Mishipi ienee kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na mwisho wake machubwi yaachane kwa mita 10 au zaidi kwenye umbali wa mita 60. Kama eneo zuri ni dogo kuliko hapo, lina nafasi ya fimbo moja. Ya pili ipeleke ukingoni, mita chache kutoka miguuni mwako, mahali ambapo karpi hupita sana alfajiri.

Samaki akinasa, ncha za fimbo zilizobaki zishuke chini ya maji na mishipi yake ilegezwe kabisa. Samaki akikimbia pembeni, tembea umfuate. Usibaki palepale ukiegemeza matumaini yote kwenye breki.

Umbali usioubahatisha husaidia pia. Simamisha vijiti viwili vikiwa na mita 3.66 kati yake, zungusha mshipi kati ya hivyo ukihesabu, kisha uubane kwenye klipu ya spuli: mizunguko 20 ni mita 73. Andika hesabu ya kila fimbo. Usiku utaweza kuirudisha pale pale bila tochi na bila kuivuka jirani yake. Baada ya kutua, utoe mshipi kwenye klipu. Ukisahau, samaki atafika mwisho wa mshipi na kitu fulani lazima kikatike.

Fimbo moja inapata samaki, nyingine kimya

Hii si hitilafu, ni habari. Usizihamishe zote mara moja kwenda kule. Linganisha kina na sakafu: buruta chubwi tupu taratibu na usikilize kwa mkono. Mtetemo wa kokoto ni changarawe, mvutano laini usio na mlio ni udongo mgumu, na chubwi linaloganda kisha kuachia ghafla limezama kwenye matope au majani. Kwenye matope mazito chambo kinafunikwa. Rudisha, nusa uzi wa ndoana. Harufu ya yai bovu ni tope lisilo na hewa, na karpi hawali humo.

Fimbo zote zikiwa kimya, soma maji. Chini ya nyuzijoto 8 hivi karpi hula kidogo sana, na chambo kimoja bila nyongeza kinatosha. Kwenye joto kali shida ni hewa: maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzijoto 30 hubeba 7.5 tu. Weka fimbo upande ambao upepo unapiga mawimbi. Angalia pia mahindi na njugu unazomwaga: ziloweke saa 24 kisha zichemshe dakika 30 au zaidi. Mbegu kavu huvimba tumboni mwa samaki na kumuumiza.

Fimbo inavutwa majini

Breki ya kuachia (inayoiruhusu spuli izunguke samaki anapovuta) haikuwashwa, au imekazwa mno. Karpi wa kilo 10 huiondoa fimbo kwenye stendi kabla hujasimama. Kila baada ya kurusha, vuta mshipi kwa vidole viwili mbele ya rili. Spuli izunguke kwa ulaini. Ukiwa na fimbo tatu, fanya hivyo kwa zote tatu, kwa sababu ni ile uliyoamini umeshaiweka sawa ndiyo itakayokwenda.

Unavua vizuri, lakini idadi ya fimbo inakuletea mkaguzi

Sheria hazifanani, na kosa la kawaida ni kudhani leseni ya nchi na ruhusa ya mwenye maji ni kitu kimoja. Huko Uingereza, kanuni za Environment Agency, idara ya serikali ya mazingira, zinadai leseni kwa kila mvuvi wa miaka 13 na zaidi. Leseni ya kawaida ya samaki hawa ni ya fimbo mbili. Ya tatu inahitaji leseni ya fimbo tatu. Vitako vya fimbo za pembeni kabisa visiachane kwa zaidi ya mita 3, na fimbo zisiachwe bila mtu. Kulala kwenye hema ambako king'ora hakikuamshi, au kwenda kumtembelea jirani, ni kuziacha. Mitoni kuna kipindi cha kufunga, 15 Machi hadi 15 Juni. Machubwi ya risasi ya kati ya gramu 0.06 na 28.35 yamepigwa marufuku.

Ufaransa, maji ya daraja la pili (ambako trauti si samaki wakuu) huruhusu fimbo nne, lakini usiku karpi huvuliwa tu kwenye sehemu zilizotengwa rasmi, na ni kosa kusafirisha karpi hai aliyezidi sentimita 60. Katika jimbo la California, fimbo ya pili kwenye maji ya bara inahitaji kibali cha ziada. Mwenye bwawa anaweza kupunguza idadi hiyo, kuzuia mshipi wa kusuka au ndoana zenye vijino, kuiongeza hawezi. Uliza idadi, umbali kati ya fimbo na sheria ya usiku kabla hujafungua mkoba.

Fimbo mbili zinalia kwa pamoja

Shika ile ambayo samaki wake yuko karibu zaidi na visiki. Nyingine ilegezee breki ya kuachia, isimamishe ikiwa imara kwenye stendi, na umwache samaki avute kwenye maji wazi. Wa kwanza akiingia kwenye wavu, mwache humo majini, kitako cha wavu kikiwa kimebanwa ufukweni, mshipi umelegezwa. Ndani ya maji atapumua vizuri kuliko juu ya mkeka. Kamilisha wa pili kwa wavu wa akiba. Kama huna wavu wa pili wala mtu wa kukusaidia, rudisha fimbo moja na uvue kwa iliyobaki.